Wageni wa Ndani: Historia ya Nyumba za Ua za Moroko

Mwaka 1331 mwanazuoni wa Tangier, Ibn Battuta, alipokuwa akiteremka pwani ya Afrika Mashariki, alikuta Mogadishu desturi ambayo hakuisahau. Chombo kilipotia nanga, vijana wa mji walikiendea kwa mashua, kila mmoja amebeba sinia la chakula lililofunikwa. Kila kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja sinia lake na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wangu. Mfanyabiashara hakuhangaika kutafuta pa kulala. Alifikia nyumbani kwa mwenyeji wake, na mwenyeji huyo ndiye aliyemuuzia na kumnunulia bidhaa. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa msomi wa sheria, alipelekwa kwa kadhi. Baadaye alilala usiku mmoja Mombasa, kisha akafika Kilwa, mji alioutaja kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema kabisa.

Habari hizo alizisimulia akiwa Fes, zaidi ya miaka 20 baadaye, kwa amri ya Sultani Abu Inan, na kitabu chake kikakamilika mwaka 1355. Fes ya siku hizo ilikuwa na njia mbili za kumlaza mgeni. Mwenye jamaa, mwenye elimu au mwenye barua ya kumtambulisha alilazwa ndani ya nyumba ya watu. Asiye na mtu alikwenda funduki, yaani nyumba ya kulaza wasafiri, akalipa. Kwa karne nyingi njia hizo mbili hazikuchanganyika. Leo mtalii aliyelipa kwa kadi ya benki analala katika chumba ambacho zamani fedha peke yake isingemfikisha hata mlangoni. Namna mambo yalivyogeuka hivyo ndiyo historia ninayotaka kuisimulia, kwa sababu sehemu yake ya mwisho inatuhusu sisi wa pwani kuliko tunavyodhani.

Tuanze na funduki, maana huko ndiko msafiri wa kawaida alikoishia. Al-Hasan al-Wazzan, ambaye Ulaya inamjua kwa jina la Leo Africanus, alikulia Fes kabla ya kutekwa na maharamia wa Kikristo mwaka 1518 na kupelekwa Roma kwa Papa Leo X. Katika kitabu chake kuhusu Afrika, kilichochapishwa Venice mwaka 1550, anaeleza kwamba Fes ilikuwa na funduki karibu 200. Zile kubwa zilikuwa jirani na Msikiti wa Qarawiyyin, zenye ghorofa tatu, nyingine zikiwa na vyumba 120 au zaidi, na kila moja ilikuwa na maji yake. Baada ya sifa hizo anatoa lawama: humo hamkuwa na kitanda. Mgeni alipewa blanketi zito na mkeka, na chakula alikwenda kununua mwenyewe ndipo apikiwe. Funduki la Najjarin, lililojengwa Fes mwanzoni mwa karne ya 18, bado limesimama na sasa ni makumbusho ya kazi za mbao. Ukilitazama unaelewa lilivyotumika. Lango lake ni kubwa na linaelekea moja kwa moja uwanjani, ili nyumbu mwenye mzigo aingie bila kugeuzwa. Ua wa chini ulikuwa wa wanyama, mizani na marobota, na juu milango ya vyumba imepangwa ubavu kwa ubavu kando ya roshani za mbao.

Nyumba ya familia ilijengwa kwa fikra tofauti kabisa. Ilikaa mwisho wa kichochoro kisichopenya, na ukuta wake wa nje haukuonyesha lolote: hakuna dirisha la kutazama mtaa, hakuna pambo, ila mlango mzito wenye vishikio vya kubishia. Ukiingia, unakutana na ukumbi mwembamba uliopinda, uliowekwa makusudi ili aliye nje asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Baada ya kona hiyo ndipo ua unapofunguka, na utajiri wote wa nyumba unaonekana kwa mara moja. Kila chumba kinautazama ua. Mwanga, hewa na mvua vyote vinaingia kwa juu. Tajiri na maskini waliweza kuishi kichochoro kimoja bila kuta zao kutangaza nani ana nini, na mimi naona hilo ni moja ya mambo ya heshima kubwa katika ujenzi wa miji ya Kiislamu.

Ua wenyewe ni wa kale katika nchi hiyo. Huko Volubilis, karibu na Meknes, mabaki ya nyumba za matajiri wa enzi ya Warumi yanaonyesha vyumba vilivyozunguka ua wenye maji, na michoro ya vijiwe ingali sakafuni. Lakini riadi, yaani nyumba ambayo ua wake ni bustani iliyogawanywa sehemu nne na vijia vinavyokutana katikati penye chemchemi, ina nasaba ya Andalusi, yaani Hispania iliyokuwa ya Waislamu. Dola ya Murabitun ilitawala pande zote mbili za mlango wa bahari kati ya Andalusi na Moroko, na mafundi walivuka pamoja na majeshi. Sultani Ali ibn Yusuf, aliyetawala kuanzia 1106 hadi 1143, alijenga kasri Marrakesh, na waakiolojia waliochimba kando ya Msikiti wa Kutubiyya walikuta mabaki ya bustani ya namna hiyo, ya zamani kuliko zote zinazojulikana Moroko. Muwahidun, dola iliyowaondoa Murabitun, walipouteka mji mwaka 1147 walijenga msikiti wao juu ya kasri hilo.

Watu nao walikuja kwa mawimbi. Mwaka 818 maelfu walifukuzwa Cordoba baada ya uasi, na wengi wakapewa makazi Fes, kwenye ukingo wa mto ambao hadi leo unaitwa wa Waandalusi. Granada ilipoanguka mwaka 1492 wakaja wengine, na kati ya 1609 na 1614 Hispania iliwafukuza wazao wa Waislamu waliokuwa wamebaki, wakatua Tetouan, Rabat na Salé. Waliopoteza nyumba zao ng'ambo walizijenga upya upande huu, chumba kwa chumba.

Bustani ndani ya nyumba haiwezekani bila maji, na Marrakesh iko kwenye tambarare kavu. Maji yaliletwa kwa khettara, mahandaki yaliyochimbwa chini ya ardhi yakiteremka taratibu kutoka upande wa milima ya Atlas, hata maji ya chini yakafika mjini yenyewe bila kuvutwa. Al-Idrisi, mwanajiografia wa karne ya 12, anamtaja fundi Ubayd Allah ibn Yunus kuwa ndiye aliyeianzisha kazi hiyo chini ya Ali ibn Yusuf. Fes ilibarikiwa mto, nao ukagawanywa kwa mifereji na mabomba ya udongo hadi misikitini, kwenye hamamu na nyumbani kwa watu.

Ndani ya nyumba, kila kitu kina sababu yake. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa kuwa dari inabebwa na boriti za mwerezi au mtende, na boriti ina mwisho wake. Msomaji wa Lamu hahitaji kuelezwa hili, kwani vyumba vya kwao vimepimwa na boriti za mikoko kwa hesabu ileile. Sehemu ya chini ya ukuta, inayoguswa na mikono na maji, hufunikwa zeliji, vigae vinavyochongwa kimoja kimoja kwa nyundo na kupangwa kwa maumbo ya nyota. Juu yake huja lipu iliyonakshiwa, na juu zaidi mbao za mwerezi. Hamamu na matangi ya maji ya Marrakesh yalipakwa tadelakti, lipu ya chokaa ya eneo hilo inayosuguliwa kwa jiwe laini na sabuni ya mzeituni mpaka chokaa na sabuni vishikane na maji yasipenye tena.

Mgeni wa nyumba alikuwa na mahali pake. Nyumba nyingi za Fes na Tetouan zilikuwa na masriya, chumba cha juu chenye ngazi yake karibu na mlango, ambako mwenyeji aliweza kumlaza mwanamume asiye wa familia bila kuwasumbua waliomo ndani. Nyumba za mawe za Lamu zilitatua jambo hilohilo kwa sabule, chumba cha mgeni kinachopatikana uani kabla hujafika vyumba vya familia, yaani misana na ndani. Wajenzi wa pande hizo mbili hawakuigana. Walikuwa na dini moja, biashara za namna moja, na haja moja ya kumheshimu mgeni bila kuifunua familia.

Dari ya juu ilikuwa milki ya wanawake. Huko walianika nguo, walizungumza na jirani kutoka nyumba hadi nyumba, walipunga upepo wa jioni. Mwanamume hakupanda, kwa sababu kutoka juu angeona ua wa kila jirani. Na nje ya nyumba kila mtaa ulikuwa na vitu vitano ambavyo nyumba peke yake haikuwa navyo: msikiti, chemchemi ya maji, hamamu, chuo cha Kurani, na tanuri ambako watoto walipeleka unga uliokandwa na kurudi na mkate. Nyumba iliyojifunga hivyo iliweza kuishi tu kwa sababu mtaa uliizunguka.

Makasri sitayazungumzia sana, kwa kuwa vitabu vya watalii vimeyachosha. El Badi ilianza kujengwa mwaka 1578, mara tu baada ya Ahmad al-Mansur kutawazwa kufuatia ushindi dhidi ya Wareno, na baada ya karne moja Sultani Moulay Ismail aliibomoa na kuchukua vifaa vyake. Bahia ya Marrakesh nitaigusa kwa sababu moja. Walioijenga, waziri mkuu Si Musa na baada yake mwanawe Ba Ahmed aliyefariki mwaka 1900, walitoka katika ukoo wa watumwa weusi wa kasri. Ba Ahmed alinunua nyumba za jirani moja baada ya nyingine na kuziunganisha, ndiyo maana anayeitembelea leo hupotea njia. Tusisahau pia kwamba nyumba kubwa za Fes na Marrakesh, sawa na nyumba za mawe za Unguja, ziliendeshwa kwa kazi za watumwa hadi karne ya 20. Uzuri ule ulikuwa na watu walioutekea maji na kuupigia deki.

Tarehe 30 Machi 1912 Mkataba wa Fes uliitia Moroko chini ya himaya ya Ufaransa, na hapo ndipo nyumba hizi zilipogeuziwa hatima. Mtawala wa kwanza, Lyautey, aliipenda miji ya kale na akaamuru isibomolewe. Kuanzia 1914 mbunifu Henri Prost alichora miji mipya kando yake, yenye barabara pana za magari: Guéliz nje ya kuta za Marrakesh, mji mpya wa Fes, upanuzi wa Casablanca. Wapo wanaomshukuru Lyautey mpaka leo, na ni kweli kwamba Algiers, ambako Wafaransa walibomoa sana, ilipata mabaya zaidi. Lakini uamuzi ule uliutenga mji wa kale. Ofisi, benki, shule mpya na fedha za serikali vilikwenda nje ya kuta, na waliobaki ndani waliambiwa wahifadhi sura ya zamani bila kupewa riziki ya kuitunza.

Uhuru ulipokuja mwaka 1956, familia tajiri za Kimoroko zilifanya uamuzi, na nani angezilaumu? Zilihamia kwenye nyumba walizoziacha Wafaransa, penye gari mlangoni, au zikaenda zao Casablanca na Rabat ambako kulikuwa na kazi. Nyumba za ua zilipangishwa kwa watu wa mashambani waliokimbia ukame, chumba kimoja familia moja. Chemchemi ikazibwa ili pawe na jiko. Mchungwa ukakatwa. Nyufa zilijazwa saruji, ambayo haipumui kama chokaa, na ukuta wa udongo ukaoza kwa ndani. Mwenye nyumba akifa, mirathi iligawanyika kwa warithi wengi, wengine wako Ufaransa, hakuna mwenye sehemu ya kutosha kumfanya agharimie paa. Mtu wa Mji Mkongwe wa Zanzibar anaijua habari hii hatua kwa hatua. UNESCO iliiandikisha Fes katika urithi wa dunia mwaka 1981 na Marrakesh mwaka 1985, lakini kuandikishwa hakuletei nyumba boriti mpya.

Fedha zilitoka kwa wageni. Mwaka 1966 mwanamitindo Yves Saint Laurent na mwenzake Pierre Bergé walifika Marrakesh na kununua nyumba ndani ya mji wa kale. Mbunifu wa Kimarekani Bill Willis, aliyefika wakati huohuo, aliwapa kazi mafundi wa zeliji, akaitoa tadelakti hamamuni na kuipeleka vyumbani na kwenye meko. Kwa miaka 30 jambo hili lilibaki la watu wachache wenye uwezo. Kisha katika miaka ya 1990 nyumba ya vyumba vitano Marrakesh iliweza kununuliwa kwa fedha ambayo mjini Paris isingetosha nyumba ndogo ya ghorofani, na televisheni na magazeti ya Ufaransa yakaitangaza habari hiyo. Walionunua waligundua kwamba ukarabati unakula fedha, wakaanza kupangisha vyumba viwili vitatu. Mwaka 2001 serikali ya Mfalme Mohammed VI ilijiwekea lengo la watalii milioni 10 ifikapo 2010, na mwaka 2002 Sheria namba 61-00 iliitambua nyumba ya wageni kuwa aina halali ya malazi. Mwaka 2006 Moroko ikatia saini mkataba wa anga na Umoja wa Ulaya, na ndege za bei nafuu zikajaa. Mamia ya nyumba zikageuzwa. Hapo ndipo funduki lilipoingia ndani ya nyumba.

Nitasema wazi kwamba kulala humo ni jambo zuri. Gari linakuacha langoni, Bab Doukkala au Bab Boujloud, na mzigo unasukumwa kwa mkokoteni kupitia vichochoro ambavyo pikipiki na punda wanavigombania. Unapinda kona ile ya ukumbi, na kelele zote zinakatika. Unaketishwa uani, unaletewa chai ya nanaa inayomiminwa kutoka juu ili itoe povu, chai ambayo Wamoroko wa kawaida waliizoea katika karne ya 19 tu, wafanyabiashara wa Kiingereza walipoileta kwa wingi kutoka China kupitia Tangier na Mogador. Chumba hakina dirisha la nje, na usiku unasikia maji ya uani na nyayo za aliyechelewa kurudi. Alfajiri adhana zinapokezana. Asubuhi mikate ya msemeni ya moto, zeituni, asali na machungwa hutandazwa mezani, na aliyepika mara nyingi ni mama wa mtaa uleule ambaye amepika hivyo maisha yake yote. Hoteli kubwa haina uwezo wa kukupa haya.

Meza hiyo, hata hivyo, iko juu darini. Mtalii anakunywa kahawa mahali ambapo mwanamume hakupaswa kusimama, akitazama chini ua wa jirani ambaye bado ni familia. Wanawake wa jirani wameacha kupanda, au wameinua kuta. Bei ya nyumba ilipopanda, mpangaji wa chumba kimoja aliondolewa kwa kiasi kidogo cha fedha akaenda pembezoni mwa mji, mbali na kazi yake. Nyumba nyingi katika kichochoro zikishakuwa za wageni, tanuri linakosa unga wa kuoka, chuo kinakosa watoto, hamamu inabaki na wateja wa picha. Ukweli wa upande wa pili nao lazima usemwe: bila wageni hawa, nyumba nyingi zingekuwa vifusi, na mafundi wa nakshi za lipu na zeliji wasingekuwa na wanafunzi.

Machi 2020 mipaka ilifungwa kwa sababu ya korona, na ikaonekana hasara ya mtaa unaotegemea mgeni peke yake. Nyumba zilifungwa kwa miezi mingi, wapishi na wasafishaji wakarudi kwao bila mshahara. Kisha usiku wa tarehe 8 Septemba 2023, baada ya saa 5, tetemeko la kipimo cha 6.8 lilipiga milima ya Al Haouz, kusini mwa Marrakesh. Karibu watu 3,000 walifariki, wengi vijijini. Mjini, mnara wa msikiti mdogo wa Kharbouch uliporomoka kando ya uwanja wa Jemaa el-Fna, na nyumba za udongo za mtaa wa zamani wa Wayahudi ziliangukia vichochoro. Watalii walirudi upesi, na mwaka 2024 Moroko ilipokea wageni milioni 17.4.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001, na wanunuzi wa nyumba wameshafika kote kuwili. Shela, jirani na mji wa Lamu, imekwishabadilika mbele ya macho yetu. Mimi siwaombi watu waifukuze biashara ya wageni, kwa kuwa nimeeleza kilichotokea Moroko nyumba zilipokosa fedha. Naomba mambo mawili. Halmashauri za Lamu na Zanzibar ziweke ukomo wa idadi ya nyumba za wageni katika kila mtaa kabla mtaa haujakwisha watu. Na wewe mwenye nyumba ya mawe uliyeachiwa na wazee, mnunuzi akibisha hodi, kaa na ndugu zako warithi mkubaliane bei ya kodi na masharti ya ukarabati kwa chokaa. Mkodishieni kwa miaka, msimuuzie.